Mgonjwa anatiririka au amekauka? Dawa na sumu za neva zinazojiendesha, uzi kutoka nchi ya tumbaku

Kanula ya Kijani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi niliuahidi kwenye ule mjadala wa tezi dume, nikawa napiga danadana. Leo mvua imenifungia ndani hapa Tabora na umeme upo, kwa hiyo sina kisingizio.

Naanza na shati.

Nilikuwa tabibu kijana kwenye kituo kimoja cha afya ndani kabisa kwenye tumbaku. Kiangazi ni saa mbili na zaidi kutoka mjini, mvua zikikolea usiulize. Saa moja jioni ikaingia bodaboda na watu watatu, wa katikati kashikiliwa kama gunia. Kijana wa miaka ishirini na kitu. Ametoka kupulizia dawa ya wadudu tangu asubuhi kwa bomba la mgongoni ambalo lilikuwa linavuja na yeye akalipuuza. Udenda unamwagika mpaka kifuani. Machozi, jasho, kajikojolea, anaharisha, kifua kinatokota kama sufuria ya uji. Nikammulika tochi machoni: mboni zimebana, zimebaki nukta ya kalamu. Ndugu zake walikuwa wanabishana mlangoni kama ni malaria ya kichwani au katupiwa kitu.

Nikafungua kabati la dharura. Atropini zilikuwa ampuli nane, za miligramu moja moja. Nikampiga mbili kwenye mshipa. Dakika tano, bado anatokota. Nikaongeza nne. Kifua kikaanza kukauka, mapigo ya moyo yakapanda mpaka 120 na kitu. Hapo nikaingiwa na woga, nikaona moyo wa mtoto wa watu unakwenda kupasuka mikononi mwangu. Nikaacha. Nikaenda kuandika faili huku nikijiona bingwa.

Nusu saa haijaisha anakoroma tena. Nikampa mbili zilizobaki, nikamtuma dereva wa bodaboda yuleyule kituo cha jirani kuazima nyingine. Ndipo muuguzi wa zamu, mama mtu mzima ambaye nilikuwa namwamkia shikamoo kila nikiingia kazini, akainua blanketi, akanusa, akaniuliza kwa sauti ya chini ndugu wasisikie: "Daktari, hili shati mbona bado analo?"

Mgongo mzima wa shati ulikuwa umelowa dawa. Mimi namwaga atropini mkononi, yeye anaendelea kuinywa sumu kwa ngozi ya mgongo, tena tumemfunika blanketi apate joto vizuri. Tukavaa glovu, tukalikata kwa mkasi, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Ampuli zikafika saa tano usiku. Alipona, lakini siwezi kusema nilimponya mimi.

Makosa yangu yalikuwa mawili, shati na yale mapigo 120. La shati kila mtu amelielewa. La mapigo linahitaji maelezo, ndiyo sababu ya uzi. Naweka nukta, nakuja.

Mwana Unyanyembe

Nimekaa siti ya dirishani na karanga zangu. Shusha mkuu.

Mpiga Debe

Ukiishia hapo kama wale wenzako wa "itaendelea" nakuripoti.

Kanula ya Kijani

Nipo, nilikuwa nahamisha ndoo, bati linavuja.

Mwilini kuna kazi ambazo hakuna anayekuomba ruhusa. Huamrishi moyo upige, mate yatoke, tumbo lisage, mboni ibane ukitoka juani. Zinaendeshwa na neva zinazojiendesha, nazo zina pande mbili. Upande mmoja mimi nauita Mbio: umekutana na fisi njiani, moyo unakimbia, mboni zinafunguka, njia za hewa zinapanuka, mdomo unakauka, tumbo linasimama. Wa pili nauita Shibe: umekula ugali na kisamvu, umekaa chini ya mwembe, mate yanatoka, tumbo linasaga, moyo unatembea polepole, mboni zinabana, kibofu kinasukuma.

Sasa chukueni Reli ya Kati. Treni inatoka Dar, inafika Tabora, hapo njia inagawanyika, moja Kigoma na nyingine Mwanza. Amri ya neva nayo inatoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, inafika kwenye stesheni ya katikati ambayo ni kifundo cha neva, inabadilisha treni, ndipo inakwenda kwenye moyo au tumbo au jicho. Kigoma ndiyo Shibe (mawese na migebuka, nani atabisha), Mwanza ndiyo Mbio.

Stesheni ya Tabora, uwe unakwenda Kigoma au Mwanza, unapita kwa tiketi moja: kemikali inaitwa asetilikolini. Ukishafika mwisho wa reli ndipo tiketi zinatofautiana. Kigoma wanapokea asetilikolini ileile, ila kwa mlango wa aina nyingine. Mwanza wanapokea noradrenalini.

Milango hiyo ndiyo vipokezi. Wa stesheni ya Tabora unaitwa wa nikotini. Wa Kigoma unaitwa wa muskarini, jina limetokana na sumu ya uyoga. Ya Mwanza inaitwa alfa na beta, na aliyeigawa hivyo ni Raymond Ahlquist, Mmarekani, mwaka 1948. Karibu dawa zote tutakazotaja humu zinafanya moja kati ya mambo machache: kufungua mlango, kuuziba, au kumfunga mikono mfagiaji.

Mfagiaji ni nani? Ni kimeng'enya kinaitwa kolinesterasi. Asetilikolini ikishafikisha ujumbe, yeye anaifagia hapohapo. Sumu nyingi za wadudu za jamii ya fosfati, na zile za kabamati, zinamkaba mfagiaji. Tiketi zinarundikana. Kigoma yote inafurika, ndiyo yale mate na kuharisha na kifua kujaa maji. Kijana wangu alikuwa anazama kwenye maji ya mwili wake mwenyewe.

Atropini inafanya nini? Inasimama mlango wa Kigoma na kuziba. Basi. Haimfungui mfagiaji wala haiondoi sumu, inazuia mafuriko tu. Ndiyo maana unaitoa mpaka kifua kikauke. Kifua, siyo moyo. Unaanza miligramu moja mpaka tatu, kila baada ya dakika tano kama bado unazidisha mara mbili, hadi mapafu yawe safi, namba ya juu ya presha ipite 80 na mapigo yapite 80. Mapigo 120 hayakuwa sababu ya kuacha. Mtu huyu anakufa kwa kukosa hewa, na mimi nilikuwa nahesabu mapigo.

Na ukishamkausha kazi haijaisha, unaendelea na dripu, kila saa asilimia 10 mpaka 20 ya kile kiasi kilichomkausha. Ampuli nane za kabati zilikuwa za kuanzia stori tu.

Bani Namba Tatu

Shikamoo daktari. Mimi mkulima wa Urambo. Hii ya kupulizia naijua, jirani yangu yalimkuta. Lakini kuna nyingine. Kila msimu wa kuchuma, hasa ile asubuhi majani yana umande au mvua imenyesha usiku, watu wanarudi mabanini (mabanda ya kukaushia tumbaku) hoi. Kichwa, kizunguzungu, kutapika mpaka nyongo, rangi inapauka. Sisi tunasema kalewa tumbaku. Mwingine anakimbizwa kupima malaria, hakuna. Kesho yake kapona. Hiyo nayo ni dawa ya wadudu?

Kanula ya Kijani

Marahaba, na pole na kazi. Hapana, hiyo mara nyingi ni nikotini yenyewe ya jani. Jani bichi likiwa na maji, nikotini inayeyuka kwenye yale maji, inalowesha mikono, mapaja na shati, inapita kwenye ngozi. Mtu anabeba fungu la majani kwapani saa tatu nzima. Hajavuta hata pafu moja, na ameingiza nikotini kuliko mvutaji. Cha kuchekesha ni kwamba mvutaji mzoefu anaweza kuhimili kuliko asiyevuta, mwili wake umeshazoea. Mtoto ndiyo hatari zaidi, mwili mdogo, na mtoto hapaswi kabisa kuwa shambani kuchuma tumbaku. Hili nalisema bila kumung'unya.

Kumbukeni mlango wa nikotini uko wapi: stesheni ya Tabora. Kwa hiyo nikotini haichagui. Inazisukuma njia zote mbili kwa pamoja, ikizidi inazifunga zote mbili. Ndiyo maana mlevi wa tumbaku haeleweki: kapauka na jasho la baridi (Mwanza), anatapika na mate yanamjaa (Kigoma), moyo mara mbio mara pole. Aliyepata dawa ya wadudu anafurika upande mmoja waziwazi, mboni nukta, kifua maji. Ukiona mboni nukta na kifua kinatokota usiseme kalewa tumbaku, mkimbize.

Kwa kinga: subirini majani yakauke ndipo mchume, ikishindikana vaeni glovu na kitu kisichopitisha maji hata kama ni mfuko wa mbolea uliokatwa shingo, nguo ikilowa badilisha, ukirudi oga kwa sabuni kabla hujala. Akizidiwa, atolewe shambani, avuliwe, aoshwe, anywe maji kidogo kidogo. Wengi siku moja mbili wanakuwa sawa. Na malaria bado ipimwe, hapa kwetu huwezi kuiruka.

Binti Ujiji

Samahani kaka, mimi nasoma famasia mwaka wa pili, nyumbani Kigoma, asante kwa kutupa Shibe 😀 Mwalimu wetu aliwahi kusema huu mfumo mzima ulichorwa kwa nikotini, hakufafanua. Ni kweli?

Kanula ya Kijani

Ni kweli na ni kisa kizuri, mwalimu kakunyima uhondo. John Langley wa Cambridge, mwaka 1889, yeye na mwenzake Dickinson, walichukua nikotini wakaipaka kwa brashi kwenye vifundo vya neva vya wanyama. Wakisisimua neva kabla ya kifundo, kimya. Wakisisimua baada ya kifundo, kiungo kinaitika. Maana yake hapo kwenye kifundo ndipo treni inapobadilishwa. Wakipaka kifundo kisiwe na madhara yoyote, maana yake hiyo neva imepita tu bila kusimama. Kifundo kwa kifundo, akachora ramani. Jina lenyewe la mfumo huu kwa Kiingereza alilitoa yeye mwaka 1898. Na mwaka 1905, akicheza na nikotini hiyohiyo na sumu ya mishale ya Amerika Kusini, akasema kwenye seli lazima kuna kitu kinachoipokea dawa. Vipokezi vyote mnavyokariri vimeanzia kwenye wazo hilo.

Yaani jani linaloanikwa kwenye mabani ya Urambo ndilo lililomfundisha Mwingereza ramani ya neva. Mimi huwa nalitafakari nikipita barabarani na harufu ya tumbaku inaingia garini.

Binti Ujiji

Dah. Na swali la pili, hili linanitesa. Jasho liko upande wa Mbio, si ndiyo? Mtu akiogopa anatoka jasho. Sasa kama Mwanza wanatumia noradrenalini, kwa nini kijana wako alitoka jasho, na kwa nini atropini ikakausha ngozi?

Kanula ya Kijani

Umenikamata pale ambapo wengi hawafiki. Neva za jasho ni za Mbio kwa reli, lakini mwisho wa safari zinatoa asetilikolini na mlango ni wa muskarini. Ni Mmanyema aliyezaliwa Mwanza: cheti kinasema Mwanza, nyumbani wanapika mawese. Kwa hiyo dawa ya wadudu inamlowesha jasho, atropini inamkausha. Kwapa kavu ni mojawapo ya alama kwamba atropini imetosha.

Na kwa kuwa unasoma, tafuta kisa cha Otto Loewi. Aliota ndoto ya jaribio, akaamka akaandika, asubuhi hawezi kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ikamrudia, safari hii akaenda maabara usiku uleule. Mioyo miwili ya vyura. Akasisimua neva ya kupunguza mapigo kwenye moyo wa kwanza, ukapunguza. Akachukua maji yaliyouzunguka akaumwagia wa pili, nao ukapunguza, bila neva. Alitangaza mwaka 1921. Yale maji yalikuwa na asetilikolini. 1936 akagawana Nobel na Henry Dale.

Mwana Unyanyembe

Mimi nikiota naota nadaiwa.

Dokta wa Zamu

Mleta uzi, kazi nzuri, ila umeacha jambo zito. Pralidoksimu hujaitaja kabisa. Watu wataondoka humu wakidhani atropini inatosha.

Kanula ya Kijani

Karibu mkuu, nilikuwa nakusubiri. Pralidoksimu ndiyo inayojaribu kumng'oa sumu mfagiaji arudi kazini. Shida ni mbili. Moja, muda: sumu ikishakomaa juu ya kimeng'enya haing'oki tena, kwa baadhi ya dawa ni suala la saa chache. Pili, majaribio kwa wagonjwa hayajatoa jibu moja, wengine yaliwasaidia, kwingine hakuna tofauti. Kwa hiyo kama ipo na umewahi, itumie pamoja na atropini. Lakini sijawahi kuikuta kwenye kabati la kituo nilichofanya kazi, na sitaki tabibu aliye huko porini asome humu akae anasubiri pralidoksimu huku kifua kimejaa. Hewa kwanza, atropini, shati.

Dokta wa Zamu

Hapo tupo pamoja. Niongezee na misuli. Atropini inaziba Kigoma tu kama ulivyosema. Misuli ya kupumulia ina milango ya jamii ya nikotini, atropini haiigusi. Mgonjwa anaweza kukauka vizuri, anaongea, halafu siku ya pili au ya tatu shingo inalegea, hawezi kuinua kichwa kwenye mto, na pumzi inafuata. Mwambie anyanyue kichwa kila mzunguko wa wodi. Asiruhusiwe mapema kwa sababu eti anakula uji.

Kanula ya Kijani

Sahihi kabisa. Yule kijana tulimpeleka mjini usiku uleule kwa sababu hiyo, na niliambiwa walikaa naye siku tano.

Gome la Mninga

Wakuu samahani, mnanaha si una hiyohiyo atropini? Huku kwetu umejaa nyuma ya mazizi. Kwa nini msituelekeze tuchemshe majani kidogo mtu akipata sumu wakati gari linatafutwa? Dawa zetu mnazidharau.

Kanula ya Kijani

Mkuu, sidharau. Ni kweli mnanaha una atropini na haiosini, na ndiyo maana nakuomba usiuguse. Mti mmoja na mwingine haulingani, jani na mbegu havilingani, na mtu anayetapika na kukoroma ukimnywesha kitu kinaingia mapafuni. Utamwua kwa huruma.

Na nimeona aliyekula mbegu za mnanaha. Mtoto. Huyo ni picha iliyogeuzwa: mkavu kabisa. Ulimi kama gunzi la mahindi, ngozi nyekundu ya moto, mboni zimefunguka mpaka jicho limekuwa jeusi lote, tumbo kimya, kibofu kimejaa hakitoki, anachuma vitu hewani na kuongea na watu wasiokuwepo. Ndugu walishaita mganga. Na mgonjwa uliyemzidishia atropini hospitalini anafanana hivyohivyo, ndipo unajua umevuka, unasimamisha kwanza, ukirudi unarudi kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mgonjwa asiyejieleza ni lile la kichwa cha uzi. Anatiririka, au amekauka?

Mama Dukani

Hamjambo. Mimi nina duka la dawa muhimu hapa mjini. Ninachotaka kusema kinahusu wazee. Juzi kaja kijana kumchukulia baba yake Piriton za mafua, nikamuuliza mzee anatumia dawa gani nyingine, akasema ana za miguu kuwaka moto, za usiku, na anaamka mara nne kukojoa. Nikakataa kumuuzia. Akanifokea, kaenda duka la pili. Nimekosea?

Kanula ya Kijani

Hujakosea hata chembe. Piriton, mbali na kuzuia chafya, inaziba mlango wa Kigoma kidogo. Zile za miguu kuwaka moto ambazo zinanywewa usiku, mara nyingi ni amitriptilini, nayo inaziba. Mzee tayari tezi dume imembana njia. Kibofu kinahitaji amri ya Kigoma ili kisukume. Unaziba mara mbili, usiku wa manane mzee anatembea uani ameshika tumbo, asubuhi anakuja kuwekewa mpira wa mkojo. Nimewaweka mipira wazee wengi waliosema "nilikunywa dawa ya mafua tu". Buscopan nayo ni ya ukoo huo.

Na upande wa pili wa mzee huyohuyo: dawa za tezi dume kama tamsulosini na prazosini zinaziba alfa, upande wa Mwanza, ili misuli ya shingo ya kibofu ilegee. Alfa ndiyo pia inayobana mishipa ya damu ukisimama. Kwa hiyo kidonge cha kwanza anywe akiwa anakwenda kulala, na akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwanza. Wasipoambiwa wanaanguka chooni.

Mama Dukani

Asante. Na matone ya pua? Kuna mteja wangu kila wiki ananunua.

Kanula ya Kijani

Huyo pua yake imeshakuwa mteja. Matone yale yanabana mishipa ya pua kwa mlango wa alfa. Siku tatu nne sawa. Zaidi ya hapo, dawa ikiisha nguvu mishipa inavimba kuliko mwanzo, anaweka tena, inavimba tena. Mwambie aache, atateseka siku kadhaa, akishindwa aanze kuacha tundu moja la pua kwanza.

Mzinga wa Gogo

Sisi wa Sikonge hamtutaji? Nyuki! Mwaka juzi mwenzetu aliumwa na nyuki wasiozidi wanne, akavimba midomo, akakosa pumzi, akazimika. Tulimpaka kitunguu. Zahanati wakamchoma sindano pajani, dakika chache kakaa kitako anaulizia mzinga wake. Ile sindano ni nini?

Kanula ya Kijani

Ile ni adrenalini, Mwanza nzima kwenye ampuli moja. Mwili ulimgeukia kwa mzio mkali: mishipa ya damu imelegea yote, presha imeanguka, njia za hewa zimebana. Adrenalini kwa mlango wa alfa inakaza mishipa, kwa beta inasukuma moyo na kufungua mapafu. Hakuna dawa nyingine inayofanya yote hayo kwa dakika. Mtu mzima ni nusu miligramu kwenye msuli wa paja upande wa nje, na kama hajapata nafuu inarudiwa baada ya dakika tano. Piriton na sindano za steroidi ni za baadaye, asikae mtu anasubiri Piriton ifanye kazi. Mlazeni, miguu juu, msimsimamishe wala kumpakia bodaboda ameketi wima kama anazimika. Kitunguu kachanganyieni kachumbari.

Ila mrina asali mwenye presha aulize dawa anazokunywa. Kama ni propranololi au ndugu zake, hizo zinaziba beta, na adrenalini ikija inakuta mlango umefungwa. Propranololi ni kazi ya James Black, Mskoti, miaka ya 1960, ilimpa Nobel 1988, ni dawa nzuri sana. Lakini mwenye pumu haimfai, kwa sababu beta hiyohiyo ndiyo salbutamoli, dawa ya pumu, inayoitegemea kufungua kifua.

Binti Ujiji

Kaka, bibi yangu ana presha ya macho, anaweka timololi. Tangu aanze anakohoa usiku. Inawezekana tone la jicho likafika kifuani?

Kanula ya Kijani

Inawezekana kabisa. Jicho lina mfereji unaoshuka puani, ndiyo maana ukilia kamasi zinatoka. Tone linashuka hapo, linaingia kwenye damu bila kupita kwenye ini. Timololi inaziba beta. Kama bibi aliwahi kuwa na pumu au kifua kinabana, arudi kwa daktari wa macho wiki hii na aseme hivyo waziwazi, wapo wenye dawa mbadala. Asiache mwenyewe kimyakimya, jicho halirudi. Na akiweka tone, afumbe jicho na abonyeze kona ya ndani karibu na pua dakika moja au mbili. Mpe shikamoo yangu.

Bani Namba Tatu

Daktari nimewasomea vijana hapa barazani, wameelewa ile ya stesheni kuliko semina tulizopewa. Bomba langu moja linavuja kwenye mkanda, kesho nalipeleka kwa fundi.

Mwana Unyanyembe

Mimi bado nina swali moja tu. Shati liliishia wapi?

Kanula ya Kijani

Nilitumaini hakuna atakayeuliza.

Tulilitia kwenye mfuko wa plastiki, tukaufunga, tukauweka nyuma ya jengo ili asubuhi tulifukie. Mgonjwa akaondoka na gari usiku, mimi nikalala kama gogo. Mkewe hakupata nafasi kwenye gari, alibaki kituoni. Alfajiri akaukuta mfuko. Shati lilikuwa jipya la mnadani, lilikatwa kwa mbele tu, akaona litashonwa. Akalifua kwa mikono mitupu kwenye beseni la kituo.

Saa nne nikamkuta kwenye benchi la wagonjwa wa nje, anasema kichwa kinamgonga na anaona kama kuna ukungu. Muuguzi yule mama hakuniuliza kitu. Alimshika kidevu, akamwangalia macho, akaenda kuchukua sabuni. Mboni zilikuwa ndogo lakini kifua kikavu, tukamwosha, tukamlaza mpaka jioni, hakuhitaji sindano.

Shati lenyewe lilikuwa limeanikwa kwenye uzio wa kituo, jeupe kabisa, na mbuzi alikuwa ameshaanza kulitafuna pindo.